Uzi wa Mkono wa Nzilani

Mkono ulifika kwetu Kasikeu siku ya Jumanne, ndani ya katoni ya maziwa, na mimi niliuchukia kabla sijauona. Wacha niseme ukweli, maana hapa Kasikeu kila mtu tayari anaujua. Niliuchukia tangu siku ile mke wangu Nzilani aliposhika simu akasema, "Kweli? Haki ya Mungu? Lini?" kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia miaka minne. Nilikuwa nimeketi hapo hapo kando yake nikimmenyea viazi. Hakunitazama hata kidogo.

Mimi ni Nzuki, fundi. Ukiwa na redio iliyokataa kuongea, au pampu ya maji, au cherehani, uliza sokoni utaelekezwa kwenye kibanda changu cha mabati ya buluu. Miaka ishirini na sita niko pale. Sijisifu, ndivyo ilivyo. Na ni mimi niliyeunda ile mashine ya kukatia ng'ombe majani iliyochukua mkono wa kulia wa mke wangu. Niliiunda kwa mota kuukuu na visu viwili vya chuma cha gari. Ilikuwa na kifuniko, lakini kifuniko kilikuwa kinakwamisha mabua, nikakitoa, nikasema nitakirudisha kesho. Kesho yake asubuhi Nzilani akaenda kulisha ng'ombe. Zaidi ya hapo sisemi.

Tangu siku hiyo nilijipa kazi. Kumfunga vifungo vya blauzi ni mimi, kumkatia mboga ya sukuma ni mimi, kumfungulia chupa, kumfunga kitambaa cha kichwa akienda kanisani. Watu walikuwa wakisema, "Nzuki ni mwanamume kweli, angalia anavyomtunza bibi yake." Nami nilikuwa nasikia vizuri, usidhani sikuwa nasikia. Hata nilikuwa napunguza mwendo nipite karibu nao.

Na kulikuwa na kazi nyingine ambayo hatukumwambia mtu. Nzilani ni msukaji wa viondo, vile vikapu vyetu vya Kikamba, na kiondo kinataka uzi wa katani. Uzi huo husokotwa juu ya muundi wa mguu: mkono mmoja unashika ncha, wa pili unasugua. Sasa mwenye mkono mmoja atasokota vipi? Na huku kwetu mwanamume kusokota katani ni kichekesho cha mwaka mzima. Basi nilikuwa nafunga mlango, nakunja suruali mpaka gotini, nasokota. Mwaka wa kwanza nywele zote za muundi ziling'oka. Mwaka wa pili uzi wangu ulikuwa umekaza na laini, sawasawa mwanzo mpaka mwisho. Nzilani akisuka kwa mkono wa kushoto, mimi namshikia kitako cha kiondo, tunapiga stori. Wanawake wa kikundi chake walidhani ananunua uzi sokoni Nunguni. Angalau ndivyo mimi nilivyodhani wanadhani.

Kwa hiyo elewa. Hiyo katoni ya maziwa ilipoingia kwangu, haikuingia nyumba ya watu wenye shida. Sisi tulikuwa tumejipanga.

Aliyeileta ni msichana anaitwa Ladan. Babake ni Abdisamad, mwenye duka la vifaa vya stima kule mjini Wote. Nimenunua waya kwake tangu Ladan akiwa anabebwa mgongoni. Sasa ni mwalimu katika chuo kimoja cha ufundi, ana miaka ishirini na sita. Yaani mimi nimekuwa fundi kwa muda sawa na umri wake wote! Aliingia akavua viatu mlangoni, akamsalimia mke wangu, "Wi museo, mwaitu?" kwa Kikamba safi kuliko cha binti yetu Kathini, aliyeshahamia Machakos na kusahau nusu ya lugha. Nzilani alifurahi kama amepata mtoto wa pili. Roho ikaanza kuniuma hapo hapo.

Ladan akafungua katoni. Ulikuwa mkono mweupe wa plastiki, vidole vitano, nyuzi zikitokeza nyuma kama kano za kuku.

"Huu ni roboti," akasema.

Nikacheka kwa pua. "Roboti ni ile ya sinema, inayotembea."

"Hata hii, Mzee Nzuki. Si lazima itembee. Kitu kinakuwa roboti kikiweza kuhisi, kuamua, halafu kutenda chenyewe kulingana na kile kilichohisi. Mashine ya kawaida ukiiwasha inazunguka tu, hata ukiweka..."

Alikuwa ameikumbuka ile mashine ya majani. Nzilani akaangalia chini, nami nikaangalia ukuta.

"Endelea," nikasema.

Akaendelea. Akamfunga Nzilani ukanda kwenye kigutu, chini kidogo ya kiwiko. Ndani ya ukanda kulikuwa na vipande vitatu vya chuma vinavyogusa ngozi. "Hivi ni vihisi. Mama, wewe bado una msuli uliokuwa unafunga ngumi. Ukitaka kufunga ngumi, msuli unatoa umeme kidogo sana. Vihisi vinausikia." Kisha akaonyesha kibao cha kijani kama kile cha ndani ya redio, kikubwa kama sanduku la kiberiti. "Huu ndio ubongo. Unapokea habari kutoka kwa vihisi, unajiuliza: huyu mama anataka kufunga au kufungua? Halafu unaamuru mota." Mota zilikuwa tano, ndogo kama betri za tochi, zimepangwa ndani ya kiganja. "Hizi ndizo misuli. Kila moja inazungusha kigurudumu, kigurudumu kinavuta uzi, uzi unakunja kidole. Na hapa ni betri, chakula chake."

"Mota za kawaida tu," nikasema. "Hata mimi ninazo kibandani, zimetoka kwenye vinasa sauti."

"Kabisa, Mzee. Hakuna uchawi. Ni mpangilio."

Aliongea kwa adabu, na adabu yake ndiyo ilinipandisha hasira zaidi. Mtu mwenye kiburi unaweza kumjibu. Huyu ungemjibu nini?

Nikamuuliza swali nikidhani nimemkamata. "Na huo ubongo wako unajuaje kidole kimefika? Si utamvunjia mtu kikombe?"

"Swali zuri!" akasema, macho yakang'aa. "Kuna njia mbili. Moja, unahesabu mizunguko ya mota. Mizunguko kumi na miwili, kidole kimekunjwa chote, mota inasimama. Mbili, hapa kwenye ncha ya kidole gumba kuna kihisi cha mkandamizo. Kikigusa kitu, kinaambia ubongo, basi, tumeshika, usiminye tena. Mama, jaribu hii."

Akaweka yai mezani. Nzilani akakunja uso, akauangalia ule mkono kama mtu anayemkumbuka mtu. Vidole vikalia zzzz, vikajikunja polepole, vikalishika yai. Akaliinua. Halikupasuka.

Alicheka mke wangu! Alicheka mpaka machozi yakamtoka, akiwa ameinua yai juu, na Ladan anacheka naye, wameshikana mabega. Nami nimesimama na sahani ya viazi. Miaka minne nimemfanyia huyu mwanamke kila kitu. Sikuwahi kumchekesha hivyo hata siku moja.

Kabla ya kuondoka Ladan alisema kitu nilichokishika vizuri. Chuo kilikuwa kimetengeneza mkono mmoja tu muhula huo. Nzilani angekaa nao mpaka Jumamosi ya wiki iliyofuata, siku ya mkutano wa kikundi cha viondo. Akiweza kuutumia kwa kazi yake, ni wake moja kwa moja. Mkono ukimkataa, utapelekwa Kitui kwa Mbaluka, mchomeleaji vyuma aliyekuwa wa pili kwenye orodha.

"Kuna watu ambao misuli yao haisomeki vizuri," akasema. "Si kosa lao. Lakini hatuwezi kuacha mkono ukae bure na mwingine anausubiri."

Siku zilizofuata nilikiona cha mtema kuni. Nikienda kumfunga vifungo, nakuta amevaa tayari, vifungo viwili vimepishana lakini amevaa. Nikichukua kisu nimkatie mboga, "Acha, Baba Kathini, nimeweza." Nimeweza! Neno hilo lilikuwa linanichoma. Alikuwa akipika anauita ule mkono "wewe": wewe, shika vizuri, wewe, usiniaibishe. Simu ikilia ni Ladan, wanaongea nusu saa mambo ya msuli na betri, wakimaliza ndipo nasalimiwa: "Ladan anakusalimia." Kwani mimi ni jirani?

Najua jina la kitu hicho. Ni wivu. Nilikuwa namwonea wivu msichana wa watu, na nilikuwa nauonea wivu mkono wa plastiki. Mzee mzima! Nilikuwa nikipita mezani unapochajiwa, umelala kwenye kitambaa safi alichoutandikia, natamani uungue.

Jumatatu nyuzi mbili zilikatika. Ladan alikuwa ametumia uzi wa kuvulia samaki, na Nzilani kwa furaha zake alikuwa amejaribu kuinua ndoo ya maji. Uzi wa kidole gumba na wa kidole cha shahada ukaenda pamoja. Akampigia Ladan, naye alikuwa Kitui na wanafunzi wake mpaka wiki iishe.

"Mama, hapo kwenu hakuna uzi wowote mwembamba, imara?"

Nzilani akanitazama, na mara ya kwanza tangu Jumanne macho yake yalikuwa na haja na mimi. "Uko," akasema. "Kuna katani ambayo haijawahi kukatika."

"Ipakwe nta ya mshumaa, ipite bila kukwama. Mzee Nzuki ataweza kufunga?"

"Huyo? Huyo ni fundi."

Nikafunga mlango, nikakunja suruali.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo penye kosa langu lote. Uzi wa katani una nyuzi mbili ndani. Kila mmoja unausokota peke yake kwa kusugua kwenda mbele. Halafu unaziweka pamoja, unasugua kurudi nyuma. Ni hiyo safari ya kurudi inayozifanya zishikane: huu unataka kufumuka huku, ule unauzuia kule, zinabanana milele. Msichana wa miaka saba anajua hilo. Ukisugua zote kwenda mbele tu, uzi utaonekana uzi, lakini ukivutwa unaanza kufumuka na kurefuka, kidogo kidogo.

Mimi nilisugua kwenda mbele tu.

Mkono wangu ulifika pale pa kurudi, ukasimama. Nilijua ninachofanya. Nikaupaka uzi nta nyingi ung'ae na usifumuke upesi, nikaupitisha kwenye matundu, nikafunga fundo zuri sana. Nzilani alikuwa nje anaanua nguo, anaimba.

Jioni hiyo vidole vilifanya kazi. Jumanne asubuhi kikombe kikamponyoka. Mchana, kijiko. Nilikaa nikauangalia ule mkono ukitenda, na kama fundi nilielewa kila kitu kinachotokea ndani yake. Vihisi vilisikia. Ubongo uliamuru. Mota ilizunguka mizunguko yake kumi na miwili, ikasimama, na ubongo ukaamini kidole kimefika, kwa sababu hesabu imetimia. Kumbe uzi umerefuka na kidole kimebaki nusu ya njia. Haukujua unadanganywa, maskini. Ulikuwa unahesabu tu.

Nzilani pia hakujua. Akampigia Ladan. Ladan akamwuliza kama ukanda umekaza, ngozi ni safi, betri imejaa, taa ya kijani inawaka. Vyote ndiyo. Nikasikia yule msichana akisema kwa upole, "Labda ni msuli, mama. Pengine unachoka. Jaribu kuufanyisha mazoezi."

Basi mke wangu akafanya mazoezi. Alikaa kwenye kigoda nyuma ya jikoni, anafunga ngumi ambayo haipo, anafungua, anafunga, anafungua, mpaka kigutu kikavimba na kutetemeka. Uso umejaa jasho. Nilimletea maji nikamwambia, "Usijitese, mimi si niko?" Akanywa, akaniachia nimpanguse uso. Usiku nilimkatia nyama vipande vidogo kama zamani, akala.

Na nilifurahi. Nikisema sikufurahi nitakuwa muongo mara mbili. Nilikuwa nimerudishiwa kazi yangu. Lakini Alhamisi nilimsikia akisema peke yake, akikitazama kigutu chake, "Kumbe hata wewe ulikufa." Nikatoka nikaenda kibandani, na siku hiyo sikutengeneza redio hata moja.

Ungedhani hapo ningesema. Sikusema. Ijumaa ilipita. Nilijiambia, mkono ukienda Kitui utamsaidia Mbaluka, naye ni mtu. Unaona jinsi mtu anavyoweza kujitafutia wema?

Jumamosi kikundi kilikutana kwenye ukumbi wa kanisa, wanawake ishirini na wawili kwenye viti vya plastiki. Mwenyekiti wao ni Mumbua, mama mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe, ambaye amesuka viondo tangu kabla mimi sijabalehe. Ladan alikuja na daftari. Mimi nilikuwa mwanamume pekee, nimebeba mfuko wa mke wangu. Kazi iliyokuwa inangojewa ni moja: Nzilani aanze kitako cha kiondo mbele ya wote. Kuanza ndiko kugumu. Nyuzi nane zinapishanishwa katikati, mkono mmoja unazibana pale kati, wa pili unazungusha. Mkono unaobana ukilegea, zote zinaachana.

Akapanga nyuzi. Vidole vikalia zzzz, vikashika. Akazungusha mara moja, mara mbili, nyuzi zikachomoka. Akaanza tena. Zikachomoka. Mara ya tatu kidole cha shahada hakikukunjika hata nusu, na katani yote ikamwangukia mapajani.

"Woi," mtu mmoja akasema nyuma.

Ladan akachuchumaa mbele yake. "Mama, umejitahidi sana. Si kosa lako. Ni msuli tu." Akafunga daftari. "Jumatatu nitaupeleka Kitui."

Nzilani hakulia. Alifungua ukanda kwa mkono wa kushoto, akauvua ule mkono, akaulaza mezani kwa heshima, akaufunika na leso yake. Akasema, "Samahanini, nimewapotezea wakati." Aliwaomba msamaha! Yeye! Na bado mdomo wangu haukufunguka.

Mumbua akainuka. Hakuwa na nia yoyote, nadhani alitaka tu kukiona kitu chenyewe kabla hakijaondoka. Akafunua leso, akaugeuza mkono, akavuta ule uzi wa nyuma kwa kidole. Akasimama. Akauvuta tena. Akatia ukucha, akaukwangua nta, akaviringisha uzi kati ya kidole gumba na cha shahada, na uzi ukafumuka wote mbele ya macho yetu, nyuzi mbili zimeachana kama hazijawahi kukutana.

"Msuli?" akasema Mumbua. "Msuli gani? Huu uzi haukurudishwa!"

Wanawake wakasogea. Uzi ukapita kwa Katunge, ukapita kwa mwingine, kila mmoja anauviringisha, anatikisa kichwa. Ladan alikuwa anawaangalia, haelewi. Katunge akamweleza, akionyesha kwa muundi wake mwenyewe, mbele halafu nyuma. Ladan akafunika mdomo.

"Kwa hiyo uzi umekuwa ukirefuka," akasema. "Mota ilikuwa inafika, kidole hakifiki. Na mimi siku nne nimekuwa nikilaumu msuli wa mama."

"Nani amesokota?" mmoja akauliza.

Mumbua akacheka kicheko kikavu. "Nani mwingine? Tangu lini tumekuwa tukisuka na uzi wa Nzuki? Miaka mitatu?"

Nilitaka ardhi inimeze. Walijua! Wote ishirini na wawili walijua.

"Ulidhani hatujui?" Mumbua akanigeukia. "Uzi wa Nunguni tunaujua, huo wako si wa Nunguni. Wako umekaza kuliko wangu, hata nimekuwa nikimnyang'anya Nzilani vipande. Hatukusema kwa sababu tulikuheshimu. Lakini Baba Kathini, mtu anayesokota vile wewe unasokota hawezi kusahau kurudisha. Labda atake."

Nilimtazama Nzilani. Uso wake haukuwa na hasira, ndiyo maana niliogopa.

"Ulitaka?" akaniuliza.

"Ndiyo," nikasema.

Wanawake wakaguna kwa pamoja. Ladan akaangalia daftari lake. Nzilani akavuta katani kutoka kwenye mfuko niliokuwa nimeushika, akaiweka sakafuni mbele yangu.

"Kaa chini," akasema. "Kunja suruali."

"Hapa? Mbele ya watu?"

"Hapa."

Nikakaa chini. Nikakunja suruali mpaka gotini, muundi wangu usio na nywele ukaonekana na ukumbi mzima. Kuna waliocheka. Mmoja alitoa simu, Mumbua akamwambia airudishe. Nikatema mate kiganjani, nikasugua mbele. Nikasugua nyuma. Mikono yangu inaijua kazi. Nilisokota nyuzi tano, si mbili, vidole vyote, na sijawahi kusokota hivyo maisha yangu yote. Kila nilipomaliza mmoja Mumbua aliuchukua, akauvuta kwa nguvu zake zote, akasema, "Huu," akampa Ladan. Ladan akazifunga moja moja. Mikono yake ilikuwa myepesi. Ilibidi nikubali hivyo.

Nzilani akavaa. Nyuzi nane, katikati. Zzzz. Vidole vikabana na havikuachia. Alizungusha raundi ya kwanza, ya pili, ya tano, kitako kikatokea kimekaa duara, na wanawake wakapiga vigelegele mpaka mbwa wa nje wakabweka. Ladan akaandika kitu kwenye daftari, akampigia Mbaluka wa Kitui simu kumwambia asubiri muhula ujao.

Nyumbani tulifika jua likiwa bado juu. Alikuwa ametangulia njia nzima, mimi nyuma na mfuko. Aliketi kitandani, akaanza kufungua kitambaa cha kichwa, nami miguu ikanipeleka kwake yenyewe, mikono imenyooka, kama kila Jumamosi.

"Acha," akasema.

Nikaacha.

"Kwa nini, Nzuki?" Hakusema Baba Kathini.

"Ukiwa na huo," nikasema, "mimi ni wa nini?"

Akavua mkono wa roboti, akauweka kando. Akalishika fundo la kitambaa kwa mkono wa kushoto, akainamisha kichwa, ncha moja akaibana kwa meno, akavuta. Fundo likafunguka. Akakitandaza kitambaa gotini, akakirudisha kichwani, akabana kwa meno tena, akazungusha, akakifunga. Kilikaa sawa, hata mimi sijawahi kukifunga hivyo. Hakuchukua dakika.

"Na vifungo vya blauzi hivyo hivyo," akasema. "Na mboga, naibana ubaoni kwa goti. Tangu mwaka wa kwanza. Ukienda kibandani najifanyia, ukirudi nakuachia."

"Uliniachia?"

"Ulikuwa umekonda. Ulikuwa hulali. Ulikuwa ukiniona tu unaanza kulia. Siku uliyonifunga kifungo cha kwanza ndiyo siku ulikula chakula ukamaliza. Nikasema, sawa, wacha anifunge. Atapona." Akaniangalia. "Miaka minne nimekungoja upone. Na huu mkono nilipoletewa nilifurahi kwa ajili yetu sote wawili. Nilifikiri sasa hata wewe utapumzika."

Nikaketi kando yake kitandani.

Akainuka, akauvaa mkono wake, akakaza ukanda mwenyewe, akaenda jikoni. Nikasikia kisu kikikata mboga, taratibu, kikisimama na kuanza tena. Hakuniita. Nilikaa pale kitandani nikiwa na mikono yangu miwili mizima, na sikujua niiweke wapi.